Siku ya kufunga shule ni ya nani? Niliyoyaona Lodwar na Kakuma

Oktoba iliyopita niliitwa kupiga picha kwenye sherehe ya kufunga mwaka katika shule moja ya msingi pembezoni mwa mji wa Lodwar. Hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi. Naandika blogu, napiga picha za harusi na za shule, na emsii akichelewa nashika maiki. Chuo niliacha mwaka wa pili karo iliponilemea, kwa hivyo usinitafute kwenye orodha ya wataalamu wa elimu. Lakini sherehe za shule nimeziona, manze. Nyingi sana.

Usiku huo nikafungua laptopu nichague picha za kumtumia mwalimu mkuu. Nilikuwa nimepiga picha 412. Zaidi ya 200 zilikuwa za tenti ya wageni: mgeni wa heshima akishuka garini, mgeni wa heshima akivishwa shanga, akihutubia, akinywa soda, akiagana. Picha 60 hivi zilikuwa za watoto waliopokea zawadi, na watoto wenyewe walikuwa tisa tu katika shule nzima. Wazazi nikawapata kwenye picha 11. Katika nyingi ya hizo wamekaa chini ya mathenge ng'ambo ya uwanja, wengine wamejifunika leso kichwani kuzuia jua, wakiitazama spika ikiwahutubia kwa Kiingereza.

Unaweza kusema mpiga picha ndiye alikosa macho. Ni kweli kiasi. Lakini mimi nilielekeza kamera mahali sherehe yenyewe ilikuwa imeelekezwa.

Naandika haya kwa sababu kila mwisho wa mwaka ni sisi vijana tunaoitwa kusaidia. Wewe ni dijei, au mwalimu wa intanshipu, au kaka mkubwa aliyeachiwa jukumu la kwenda kumwakilisha mama, au mwanafunzi wa zamani anayeombwa atoe neno la kutia moyo. Kama tunaweza kupanga pati ya besdei ikaiva, tunaweza pia kupanga siku ambayo mama wa mtoto wa mwisho darasani ataondoka akijua alikuja kufanya nini.

Wiki kumi

Kwanza tuelewane kwa nini jambo hili ni zito.

Mwaka wa 2025 muhula wa tatu ulifungwa tarehe 24 Oktoba, na shule zikafunguliwa tena Januari 2026. Ukihesabu ni kama wiki kumi. Kwa mtoto wa Nairobi, wiki kumi ni televisheni, kwenda ushago na kuchoshana na binamu. Kwa mtoto wa Turkana ni safari nyingine kabisa. Kijana anafuata mifugo mahali nyasi zilipo, na mahali hapo panaweza kuwa mbali kweli. Msichana anakaa nyumbani, mazungumzo ya mahari yanaanza kusikika pembeni. Chakula cha mchana alichokuwa akipata shuleni kimefungwa pamoja na shule. Hapo Kakuma, mwaka huo wa 2025 mgao wa chakula ulipopunguzwa, familia nyingi zilikuwa tayari zinapiga hesabu ya nani aende wapi.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake yuko shuleni. Sawa. Lakini askari wa sheria hiyo hatembei kule malishoni kuuliza nani amerudi na nani hajarudi. Anayeamua ni mzazi, wakati mwingine ni nyanya, wakati mwingine ni mjomba mwenye mifugo. Na picha ya mwisho ambayo mtu huyo anayo kuhusu shule ni ile siku ya kufunga, kama alikuja. Kwa hivyo ukiniuliza, siku ya kufunga shule kazi yake kubwa ni moja: kumrudisha mtoto Januari. Ikishindwa hapo, keki na tenti havijasaidia kitu.

Nalijua hili kutoka kwetu nyumbani. Nikiwa darasa la tano nilikuwa nambari nne. Zawadi zilikuwa za watatu wa kwanza. Mama yangu anasuka vikapu vya majani ya mkoma, na siku hiyo aliacha kuuza akatembea tangu asubuhi kuja shuleni. Alikaa hadi saa tisa mchana. Hakusikia jina langu. Hotuba zote zilikuwa Kiingereza na yeye anazungumza Ng'aturkana na Kiswahili cha sokoni. Tukirudi nyumbani akaniuliza, bila hasira, "Sasa mimi niliitiwa nini?" Sikuwa na jibu. Hakuja tena shuleni mpaka nikamaliza kidato cha nne.

Miaka mingi baadaye nilipomwambia nimeacha chuo, alinyamaza kidogo kisha akaniambia nikachote maji. Simlaumu hata kidogo. Shule ilikuwa kitu changu mimi, haijawahi kuwa kitu chetu.

Angalia kalenda kabla ya kuita dijei

Kosa la kwanza ambalo vijana tunafanya ni kupanga siku bila kuuliza sheria. Mwaka wa 2016, Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Elimu, alipiga marufuku siku za maombi, siku za zawadi na wazazi kutembelea wanafunzi katika muhula wa tatu. Wizi wa mitihani wa 2015 ulikuwa umeaibisha nchi, na sherehe zilionekana kuwa mlango wa kupitisha karatasi. Tangu wakati huo shule nyingi za sekondari huweka siku ya zawadi muhula wa pili.

Kwa shule za msingi, siku ya kufunga bado ipo, ila sasa imebanana na mitihani. Gredi ya 6 wana KPSEA, Gredi ya 9 wana KJSEA, ambayo ilifanywa kwa mara ya kwanza 2025. Wakati wadogo wanafunga, hawa wanabaki. Kwa hivyo hatua ya kwanza ni mwalimu mkuu na wawakilishi wa wazazi kuuliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo waraka wa mwaka huo unasema nini. Ukishapata tarehe, kelele za spika ziwekwe mbali na madarasa ya watahiniwa, au sherehe yao ifanywe kando. Na kama ni sekondari, usibishane na serikali. Fanyeni muhula wa pili na mambo yatakuwa fiti tu.

Kuna kitu kingine. Wale wa Gredi ya 9 wanaondoka kwenda sekondari pevu, na wazazi wengi bado hawajaelewa zile njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, halafu sanaa na michezo. Mzazi akishakuja shuleni, mpe dakika kumi za kuelezewa hilo kwa lugha yake. Hiyo ni zawadi kubwa kuliko sufuria.

Saa moja asubuhi, na maji yawe ya kwanza

Ratiba ya ile shule ya picha 412 ilisema saa tatu. Mgeni wa heshima akafika saa sita. Mvulana wa Lodwar hahitaji kuambiwa saa sita ni nini. Mchana wetu unapita nyuzi 35 siku nyingi, na uwanja wa mchanga unakurudishia joto kutoka chini. Watoto wawili walizirai kwenye ngoma. Mama wengine walikuwa na watoto wachanga mgongoni na hakukuwa hata na mtungi wa maji upande wao. Maji ya chupa yalikuwa kwenye tenti.

Mwezi uo huo rafiki yangu anayefundisha Kakuma aliniita nikaone walivyofanya wao. Kutoka Lodwar ni kama kilomita 120, nikapanda gari jioni nikalala kwake. Kufika shuleni saa moja asubuhi nikakuta mambo yameanza. Nikadhani nimechelewa. Kumbe ndiyo ratiba. Saa nne na nusu kila kitu kilikuwa kimeisha, watu wanakula chini ya miti. Mgeni rasmi aliambiwa wazi kwamba shule haitamngoja, na akafika mapema kuliko wazazi wengine.

Waliyoyafanya ni mambo madogo. Tenti moja waliyoweza kukodisha waliwapa mama wenye watoto wachanga na wazee. Walimu na wageni walikaa na wazazi wengine kivulini, kwenye viti, madawati na mikeka iliyochanganywa. Mitungi ya maji iliwekwa langoni, ili jambo la kwanza mtu akiingia apewe kikombe. Mtu ametembea saa mbili, anza na maji. Hotuba baadaye.

Lugha ya nyumbani ipande jukwaani

Turkana kuna tabia moja ya kuudhi. Tunafundisha watoto kwa Kiingereza, sawa, halafu tunawaita wazazi wao tunawahutubia kwa Kiingereza pia, ndiyo ionekane shule ni ya maana. Matokeo ni mama yangu na swali lake.

Lodwar dawa ni rahisi: Ng'aturkana kwanza, Kiswahili kifuate. Kakuma ni kazi zaidi, kwa sababu uwanja mmoja unaweza kuwa na Waturkana wa hapo, Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongomani, Warundi na Waethiopia. Rafiki yangu aliniambia mwaka wa kwanza walijaribu kutafsiri kila hotuba kwa lugha nne kwenye maiki. Ilikuwa balaa. Hotuba ya dakika tano ikawa nusu saa, watu wakaanza kuondoka.

Mwaka uliofuata wakabadilisha. Hotuba zikawa mbili tu, dakika tatu kila moja, kwa Kiswahili. Wazazi wakakaa kwa vikundi vya lugha, na kila kikundi kikapewa watoto wawili wa Gredi ya 7 au 8 wa kutafsiri palepale kwa sauti ya chini. Nilimwona msichana mmoja amechuchumaa mbele ya wazee watano akiwaelezea kwa Kiarabu cha Juba maneno ya mwalimu mkuu. Wale wazee walimsikiza vile wanavyosikiza mtu mzima. Huyo msichana, kwa taarifa yako, hakuwa kwenye orodha ya kumi bora.

Kila mtoto awe na kitu mkononi

Hapa ndipo sherehe nyingi zinaharibika. Shule ina watoto 400, zawadi ni za tisa. Maana yake wazazi wa watoto 391 wamekuja kupigia makofi watoto wa majirani. Ukifanya hivyo miaka mitatu mfululizo, usishangae viti vikibaki vitupu.

Sisemi tufute nambari moja. Mtoto aliyejikaza apewe haki yake. Lakini mtaala huu wa umilisi unawatuma watoto kufanya kazi za mikono, miradi na faili za kazi zao mwaka mzima, halafu siku ya wazazi zile kazi zinafungiwa kabatini. Zitoeni. Kule Kakuma, saa ya kwanza hakukuwa na maiki kabisa. Kila mtoto alisimama kwenye dawati lake na kitu kimoja alichochagua mwenyewe: kitabu cha hesabu, gari la waya, mchoro, mboga alizopanda kwenye gunia, insha. Mgeni wake anakuja, mtoto anamwelezea. Dakika kumi, basi. Mwalimu anazunguka, akifika kwa kila mzazi anasema jambo moja zuri na jambo moja la kufanyia kazi. Hakuna kusomea watu nambari hadharani.

Na usidharau mashindano ya nje ya darasa. Unamkumbuka Rose Nathike Lokonyen? Alikuwa mwanafunzi Kakuma, mkimbizi kutoka Sudan Kusini. Mwalimu akamshauri akimbie kilomita 10. Hakuwa amefanya mazoezi, alikimbia bila viatu, akamaliza wa pili. Mwaka wa 2016 alibeba bendera ya Timu ya Wakimbizi kwenye ufunguzi wa Olimpiki kule Rio, na akakimbia mita 800. Watano katika timu hiyo walikuwa wakimbiaji waliotoka Kakuma. Kama mwalimu yule angeangalia ripoti ya mtihani peke yake, nani angemjua Rose?

Kwa hivyo weka mbio za magunia, mbio za watoto na wazazi, edonga ya darasa kwa darasa, vitendawili, mpira wa wasichana dhidi ya mama zao. Niamini, mama wa Kiturkana akivua viatu akaingia uwanjani, hiyo picha itazunguka WhatsApp mpaka Krismasi.

Mzazi naye apewe kazi

Mzazi asiyejua kusoma akiingia shuleni anajihisi mdogo. Nimeliona usoni mwa mama yangu. Kumwambia "karibu, jisikie nyumbani" hakuondoi hiyo hali. Kinachoiondoa ni kumpa kazi anayoijua kuliko mwalimu.

Turkana tuna utajiri wa aina hiyo. Mama anayesuka vikapu vya mkoma anaweza kukaa na Gredi ya 4 akawaonyesha jinsi mchoro unavyohesabiwa, na hiyo ni hesabu kamili. Mzee wa mifugo anajua majina ya rangi na alama za mbuzi ambayo wewe na mimi tumeshasahau, akae na watoto wachore na kuandika hayo majina. Baba Msomali fundi cherehani aonyeshe kukata kola. Mama Mkongomani aimbe wimbo wa kubembeleza watoto na watoto wauandike. Saa moja ya hivyo, na mzazi amekuwa mwalimu mbele ya mtoto wake.

Sheria yenyewe iko upande wao. Ile Sheria ya 2013 inasema kila shule ya umma ina chama cha wazazi, na kila mzazi mwenye mtoto hapo ni mwanachama. Kamati yake ina mwakilishi wa kila darasa. Waitwe mapema, mwezi wa tisa hivi, wapange pamoja na walimu na watoto. Si waambiwe wiki ya mwisho kwamba wanahitajika kupika.

Kakuma, mzazi ni nani?

Kuna jambo ambalo sisi wa Lodwar tunalisahau tukienda Kakuma na ratiba zetu. Kambi ilianzishwa 1992, na kati ya watu wa kwanza kufika walikuwa maelfu ya wavulana kutoka Sudan waliokuwa wametembea bila wazazi. Hadi leo kuna watoto wanaolelewa na shangazi, na majirani, na dada wa miaka 17. Ukitangaza "siku ya wazazi", umeshamfungia mtoto huyo nje kabla siku haijafika.

Rafiki yangu alikiri walilijua kwa njia mbaya. Mwaka ule wa kwanza, mtoto mmoja alisimama kwenye dawati lake saa nzima akishika daftari, hakuna aliyekuja kwake. Hakulia. Alipanga vizuri vitu vyake akarudi nyumbani peke yake. Walimu walikosa la kusema.

Sasa wanaita "siku ya mgeni wangu". Kila mtoto anatengeneza kadi ya mwaliko kwa mkono na kumpa mtu mzima mmoja anayemtaka: mlezi, pasta, shehe, mama mboga, kocha. Wiki moja kabla, mwalimu wa darasa anauliza kimyakimya nani bado hana mgeni, na wale wanapangiwa mtu wa kweli, kama mpishi wa shule, mlinzi au mwanafunzi wa zamani, ambaye anakutana na mtoto mapema. Mwaka niliokwenda, mlinzi wa lango alikuwa mgeni wa watoto watatu. Alikuwa amevaa shati la kupiga pasi.

Mambo mengine mawili ya Kakuma. Moja, ukitaka kuleta shule ya kambi kwa sherehe ya pamoja Lodwar, kumbuka mkimbizi anahitaji kibali kutoka nje ya kambi, na hakitoki kwa siku moja. Ni rahisi wa Lodwar kwenda kwao. Pale Kalobeyei makazi yalianzishwa ili wenyeji na wakimbizi watumie huduma pamoja, kwa hivyo nafasi ya kualikana ipo. Mbili, na hii nasema kwa wapiga picha wenzangu: usiposti ovyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto. Kule kambini kuna familia zilizokimbia watu ambao bado wanazitafuta. Uliza kwanza, na anayesema hapana usimwulize sababu.

Pesa, joho na aibu

Siku hizi hata watoto wa chekechea wanavalishwa joho na kofia ya mahafali. Picha zinatoka poa, sikatai, mimi mwenyewe zinanilisha. Lakini nimemwona mama akirudi na mtoto wake nyumbani kutoka langoni kwa sababu hakuwa amelipa pesa za joho. Mtoto wa miaka sita! Sheria inasema mtoto asizuiwe kuhudhuria shule kwa kukosa kulipa ada za ziada. Kama shule inataka majoho, inunue machache, watoto wapokezane kupiga picha, na yatumike mwaka ujao.

Ushauri wangu ni kupanga bajeti kwa mpangilio huu: maji, chakula, kivuli, vifaa vya watoto, halafu zawadi, halafu spika. Keki ikikosekana hakuna atakayeuliza. Githeri ya kutosha wote ni bora kuliko pilau ya tenti moja. Na pikeni zaidi ya mnavyodhani. Kule Kakuma chakula kiliisha mapema kwa sababu kila mgeni alikuja na watoto wadogo wawili watatu, na walimu wakalala njaa siku hiyo. Mwaka huu wanasema watahesabu kila mgeni kama watu watatu.

Wewe kijana usiye na doh, toa ulicho nacho. Dijei atoe saa mbili za bure. Mpiga picha amchapishie kila mtoto picha moja ndogo na mgeni wake. Nimeshapiga hesabu na nitaanza na darasa moja tu, maana shule nzima siwezi. Bora moja nitakayomaliza.

Maliza kwa kusema Januari

Lodwar tuna tamasha letu la utamaduni linaloitwa Tobong'u Lore, maana yake karibu tena nyumbani. Huwa nawaza shule ingeazima hilo neno. Kawaida tunamaliza siku ya kufunga kwa wimbo wa taifa na kukimbilia gari. Kule Kakuma walimaliza tofauti. Kila mtoto aliandika kwenye kipande cha karatasi kitu kimoja anachotaka kufanya Januari, mgeni wake akaweka sahihi au alama ya kidole, na karatasi zikabandikwa ukutani darasani zikabaki hapo. Mtoto anajua jina lake linamngoja. Mlezi anajua kidole chake kiko pale. Walimu wakachukua pia namba ya simu ya mtu mmoja wa kila familia, ili wiki ya kwanza ya Januari wapige kuuliza nani yuko njiani na nani amekwama malishoni.

Sitakudanganya kwamba wote walirudi. Rafiki yangu ameniambia wachache hawakuonekana, na mmoja alipigiwa simu mara tatu. Lakini safari hii shule ilijua ni nani, na ilijua pa kuanzia kutafuta.

Wiki iliyopita nilimwonyesha Mama zile picha za Kakuma kwenye simu. Akazipitia polepole. Akasimama kwenye ile ya mwanamke aliyezungukwa na watoto, akisuka. Akaangalia mikono yake, akasema anaanza kikapu vibaya, atafika katikati kiharibike.

Kisha akaniuliza hiyo shule iko wapi, na kama wanaita watu mwaka huu.